Mashine iliyozimwa bado ina nguvu: uzi wa mafundi wa mitambo na kadi za kielektroniki

KufuliLangu

Wakuu habari zenu. Uzi huu ni wa mafundi, wa umeme, wa mitambo, wa PLC (kompyuta ndogo inayoongoza mashine), wale wa kwenye benchi wanaotengeneza kadi, na yule msimamizi anayesimama mlangoni anauliza "bado tu?" naye asome, tena yeye ndio asome taratibu.

Nina jambo moja tu ila litachukua nafasi. Kuzima mashine kila mtu anajua. Kuhakikisha kwamba imekufa kweli ndio wengi wanaruka, na watu wanaumia hapo hapo katikati. Mtu anabonyeza kitufe chekundu cha dharura, konveya inasimama, kimya, anaingiza mkono kutoa kilichokwama. Kile kitufe hakijakata umeme unaoingia kwenye paneli, kimeachia kontakta (swichi kubwa inayovutwa kwa umeme) au kimeiambia draivu, kile kifaa kinachoongoza mwendo wa mota, iache kuzungusha mota, basi, waya zote juu ya kontakta zina moto vile vile kama ulivyokuwa dakika moja nyuma. Kitufe cha dharura kipo kwa ajili ya kusimamisha hatari iliyokwisha anza, hakikuwekwa ili mtu afanye kazi akikitegemea. Hivyo hivyo swichi ya usalama ya mlangoni, hivyo hivyo ufunguo wa opereta, hivyo hivyo ile STO (Safe Torque Off) ya kwenye draivu ambayo watu siku hizi wanaiamini kupita kiasi: STO inahakikisha mota haipati nguvu ya kuzunguka lakini haitengi umeme, kwenye sehemu za kufungia waya za mota unaweza kukuta volti za kukuua.

Kinachotenga ni swichi inayoachanisha fezi zote kimwili na yenye tundu la kupitisha kufuli. Unaishusha, unapiga kufuli lako mwenyewe, ufunguo unakaa mfukoni mwako sio kwenye meza ya ofisi, na lebo inasema nani kafunga, lini, kwa nini. Mko watano? Kufuli tano. Hakuna "mimi nitakulindia hapa kwenye swichi", mtu anaitwa, simu inalia, anaenda chooni, anakuja mwingine anaona mashine imezimwa na yeye ana haraka ya uzalishaji. Marekani walishaliweka hili kwenye sheria, kanuni ya OSHA, idara yao ya usalama kazini, namba 29 CFR 1910.147, ilitolewa 1989 ikaanza kutumika Januari 1990, na OSHA wenyewe wanakadiria kuifuata kunazuia vifo kama 120 na majeruhi 50,000 kila mwaka kwa nchi moja tu. Ni sheria ya kwao, ila mashine inayosaga mkono haichagui nchi, utaratibu ni ule ule popote ulipo.

Sasa hapa ndio pa kukaa. Umeme ni nguvu mojawapo tu. Ukishashusha swichi jiulize mashine hii imebaki na nini tumboni. Hewa kwenye silinda, mara nyingi bari 6 mpaka 8, ukifunga vali bila kutoa hewa iliyobaki upande wa pili silinda itasukuma pale pale utakapolegeza kitu kilichokwama. Haidroliki yenye akumuleta, lile tungi la kutunza presha, ina gesi ya naitrojeni iliyobanwa, pampu inaweza kuwa imezimwa tangu jana na mafuta bado yana presha kamili. Springi zilizobanwa. Mvuke. Gurudumu zito ambalo linaendelea kuzunguka kwa muda mrefu baada ya mota kuzimwa. Na ile ambayo watu wanaisahau kwa sababu haina waya wala bomba, uzito wenyewe: kichwa cha presi kilichobaki juu, mkono wa roboti, mhimili wa wima wa mashine ya CNC (ya kukata vyuma inayoongozwa na kompyuta). Breki ya mota ya sevo, ile mota inayosogeza mihimili hiyo, imetengenezwa kushikilia, haijatengenezwa wewe ulale chini yake. Kishushe mpaka chini kabisa au kiwekee nguzo ya kubebea iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, sio kipande cha mbao ulichookota.

Halafu kuna umeme unaoingia kwa mlango wa nyuma. Paneli moja inaweza kuwa na njia mbili tatu za umeme, UPS (umeme wa akiba wa betri) ya PLC, hita za kuzuia unyevu kwenye mota, waya za mawasiliano ya kuzuiana kati ya mashine na mashine ambazo zinatoka paneli ya jirani. Kwenye mashine zilizojengwa kwa kufuata IEC 60204-1, kiwango cha kimataifa cha umeme wa mashine, ukiona waya za rangi ya machungwa ndani ya paneli simama kwanza, hizo zinabaki na umeme hata kama swichi kuu ya mashine hiyo ipo chini. Jenereta ya dharura nayo haiombi ruhusa, umeme ukikatika inawaka yenyewe.

Ukimaliza kufunga na kumwaga nguvu zote, ndio unapima. Unajaribu mita kwenye umeme unaoujua upo, unaona inasoma. Unapima pale unapotaka kushika, fezi kwa fezi zote tatu, kila fezi na ethi, nyutro usiiache. Kisha unarudi tena kwenye ule umeme unaoujua kuona mita bado ni nzima, maana mita iliyokufa katikati ya kazi inasoma sifuri safi kabisa na sifuri hiyo ni ya uongo. Baada ya hapo unabonyeza kitufe cha kuwasha uone mashine inakataa, halafu unakirudisha kwenye hali ya kuzima ili isije ikaamka yenyewe siku ya kurudisha umeme. Hatua hii inachukua muda mfupi kuliko kufungua skrubu za kifuniko, na ndiyo ya kwanza kurukwa watu wakiwa na haraka.

Karibuni, ulizeni, ongezeni, pingeni.

Draivu_na_Mota

Asante sana mkuu kwa kushusha hii. Swali langu, kwenye draivu za mota kuna lebo inasema subiri dakika kadhaa baada ya kukata umeme, nyingine 5 nyingine 10 au 15 kutegemea ukubwa. Ukishasubiri huo muda si inatosha kufungua? Maana na taa ndogo ya kwenye draivu inakuwa imeshazima.

KufuliLangu

Haitoshi mkuu, na nafurahi umeuliza.

Ule muda kwenye lebo umepigiwa hesabu draivu ikiwa nzima, kwamba resista za kutoa chaji zipo na zinafanya kazi. Sasa wewe draivu unaifungua kwa sababu gani? Kwa sababu imeharibika. Kilichoharibika kinaweza kuwa ndio hicho hicho kilichotakiwa kumwaga chaji. Na taa ikizima imezima tu, labda ni kadi inayoiwasha ndiyo imekufa huku kapasita, vile vipande vinavyotunza chaji ndani ya draivu, zimejaa.

Angalia namba. Umeme wa fezi tatu wa volti 400 ukishapita kwenye rektifaya, sehemu inayogeuza AC kuwa DC, unakuwa kama volti 565 za DC. Kapasita za jumla ya maikrofaradi 1000 kwa volti hizo zimebeba karibu jouli 160. Hiyo ni draivu ya kawaida tu, kubwa zina zaidi. Kwa hiyo unasubiri muda wa lebo, KISHA unapima kati ya DC+ na DC−, na kila moja na ethi, mita ikiwa kwenye DC. Ile kalamu ya testa inayowaka bila kugusa waya hapa haina kazi kabisa, inahisi umeme wa AC, mbele ya volti 565 za DC itanyamaza kimya na wewe utadhani pamekufa.

Ukikuta chaji imebaki usipige shoti kwa bisibisi. Utayeyusha ncha, cheche za chuma zinaruka machoni, na mshtuko wa mkondo wa ghafla unaumiza kapasita zenyewe. Tumia resista ya waya ya wati za kutosha yenye mishikio ya kuzuia umeme, kwa mfano omu 2000 kwa hiyo maikrofaradi 1000, ndani ya sekunde 10 inakuwa imebaki chini ya asilimia 1. Pima tena baada ya hapo. Na kapasita kubwa zina tabia ya kujirudishia chaji kidogo zikikaa, kwa hiyo kama unazitoa na kuziweka kwenye rafu ziunganishe miguu kwa waya zikae hivyo.

Bodi_Safi

Nimesoma yote hadi hapa na nashukuru sana. Mimi niko upande wa kadi, naomba niongeze kitu ambacho mafundi wa mashine kubwa huwa wanakichukulia kama usumbufu wa watu wa maabara, umeme tuli.

Binadamu anaanza kuhisi mshtuko wa umeme tuli kwenye kidole ukifika kama volti 3000. Kuna vipande kwenye kadi vinaharibika chini ya volti 100. Maana yake unaweza kuua kadi mara nyingi kwa siku na mwili wako usikwambie chochote. Kutembea tu kwenye zulia hewa ikiwa kavu kunaweza kukujaza mpaka volti 35,000, hewa yenye unyevu mwingi inashuka kama 1,500, ambayo nayo ni nyingi sana kwa chipu. Na ubaya wake zaidi sio kadi inayokufa pale pale, hiyo utaiona ukiwasha, ubaya ni ile iliyojeruhiwa ndani, inafanya kazi, inapita majaribio yote, inarudi kwenye mashine, halafu inaanza kufeli siku za joto au mashine ikitetemeka, fundi anabadilisha kebo, anabadilisha sensa, anabadilisha mota, chanzo kiliingia siku mtu alipoishika kadi bila kinga akiwa amevaa sweta.

Kwa hiyo kamba ya mkononi iliyofungwa kwenye ethi, igusane na ngozi sio juu ya mkono wa shati, na ipimwe kila siku kabla ya kazi kwa sababu waya wake unakatika ndani bila kuonekana. Mkeka wa benchi nao uwe na ethi ile ile. Plastiki za kawaida, vikombe vya povu, mifuko ya kufungia vitu, vikae mbali na kadi angalau sentimita 30. Kuhusu mifuko watu wanachanganya sana: ule wa rangi ya waridi wenyewe haujichaji lakini haukingi kadi dhidi ya cheche ya nje, wa kusafirishia kadi ni ule wa rangi ya fedha unaong'aa, na uwe haujatoboka, na kadi iwe NDANI. Kuna watu wanaiweka kadi juu ya mfuko kama mkeka. Nje ya mfuko huo hakuna kinga yoyote.

Sasa kuna jambo hapa linagusana na uzi wa mkuu na ndilo lililonifanya niandike. Kwenye benchi tunajifunga kwenye ethi kwa makusudi. Kwenye paneli yenye umeme, mwili wenye ethi ndio njia ambayo umeme unaitafuta. Ile kamba halali ina resista ya megaomu 1 ndani yake, kwa volti 230 itapitisha kama miliampia 0.23 tu, lakini hiyo ni kama resista ni nzima na kama mtu hakutengeneza kamba yake kwa waya mtupu na kibanio, na nimeziona nyingi za namna hiyo. Kwa hiyo mpangilio ni mmoja tu: tenga, funga, mwaga chaji, pima sifuri, HALAFU ndio uvae kamba ushike kadi. Ukimaliza kazi unavua kamba kabla umeme haujarudi. Kamba ya mkononi na paneli hai havikai pamoja.

KufuliLangu

Dada hapo umemaliza. Watu wanachukua ushauri wa benchi wanaupeleka kwenye paneli na wa paneli wanaupeleka kwenye benchi. Naomba kila anayepita asome aya ya mwisho ya Bodi_Safi mara mbili.

Mzee wa Paneli

Wanangu nimewasoma. Maneno mazuri, lakini tuseme ukweli wa kazini. Kutafuta tatizo huwezi kila mara ukiwa umekata umeme. Sensa haitumi ishara, kontakta inaachia baada ya muda, utajuaje bila kupima ikiwa hai? Mkisema kila kitu kifungwe kufuli fundi wa kiwandani atawaona hamjui kazi, ataacha kuwasikiliza hata kwenye yale ya maana.

KufuliLangu

Shikamoo mzee wangu. Uko sahihi na nashukuru umelileta, maana nisingependa uzi huu usomwe hivyo.

Kupima na kutengeneza ni kazi mbili. Kupima ukiwa na umeme inaruhusiwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kujua tatizo. Kinachoua ni ule mtiririko wa mtu kupima, kuona skrubu imelegea, na mkono ule ule wenye mita unachukua bisibisi kukaza "mara moja tu". Hapo umeshatoka kwenye kupima umeingia kwenye kutengeneza, na kutengeneza kunataka kufuli. Kwa hiyo mpaka naouweka mimi ni kifaa kilichopo mkononi: ncha za mita sawa, bisibisi na spana hapana.

Na hata huko kupima kuna masharti yake mzee wangu, wewe unayajua ila wadogo wanasoma. Mita iwe na daraja la CAT III au CAT IV (daraja la usalama lililoandikwa kwenye mita) kwa volti za pale na fyuzi zake ziwe ni zile za asili, sio waya uliosokotwa. Kabla ya kugusa fezi angalia waya za mita zimechomekwa wapi, ukiziacha kwenye tundu la kupimia ampia halafu ukagusa fezi mbili umepiga shoti kwa mkono wako, na mlipuko wa tao la umeme unafika joto la nyuzi 19,000 za selsiasi, zaidi ya mara tatu ya uso wa jua. Hakuna ovaroli ya nailoni itakayokusaidia, nailoni inayeyuka inagandia kwenye ngozi, vaa pamba nzito au zile nguo zilizopimwa kwa kazi hiyo na kinga ya uso. Pete, saa ya chuma, mkufu, vyote vinabaki kwenye kabati. Glavu za mpira daraja 0 ni za mpaka volti 1000 za AC, zijaze hewa uzikunje uone kama kuna tundu kila unapotaka kuzivaa, na juu yake vaa za ngozi kulinda mpira. Usiwe peke yako, na huyo wa pili ajue swichi iko wapi.

Nyingine ni CT, zile transfoma za kupimia mkondo. Mzigo ukiwa unapita usifungue waya za upande wake wa pili hata kama zinaonekana nyembamba za mita tu. Ukizifungua volti zinaweza kupanda mpaka maelfu. Zipigwe shoti kwanza kwenye bloku yake.

Mzee wa Paneli

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye mpaka wa bisibisi nakubaliana na wewe moja kwa moja. Hilo nitalichukua kwa vijana wangu.

ZamuYaUsiku

Kuna eneo hamjaligusa wakuu, kubadilishana zamu. Kufuli na kupima vyote vikifanyika vizuri mchana, usiku anakuja mtu ambaye hajui kilichofunguliwa.

Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi kwenye Bahari ya Kaskazini upande wa Uingereza, tarehe 6 Julai 1988. Pampu moja kati ya mbili ilikuwa imetolewa vali yake ya usalama ya presha kwa matengenezo, pale palipotoka vali pakafungwa kwa kifuniko cha muda. Karatasi ya kibali cha kazi ile ilikuwepo. Lakini taarifa kwamba vali haipo haikuwafikia watu wa zamu ya usiku, na pampu ya pili ilipogoma wakaona suluhisho ni kuwasha ile ya kwanza. Gesi ikavuja, ikalipuka, watu 167 wakafa. Ripoti ya Lord Cullen, jaji aliyeongoza uchunguzi, ya mwaka 1990 ilitoa mapendekezo 106 na suala la vibali vya kazi na makabidhiano limo mle ndani kwa uzito wake.

Nawaambieni, kila nikiisoma ile habari nakasirika, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa anafanya kazi yake. Kilichokosekana ni watu wawili kusimama mbele ya pampu na mmoja kumwambia mwenzake "hii haina vali, isiguswe". Makabidhiano ya karatasi peke yake hayatoshi, twende kwenye mashine, tuoneshane kwa kidole. Anayeingia aweke kufuli lake kwanza ndio anayetoka atoe la kwake, pasiwe na hata nusu dakika ya swichi kukaa wazi.

kijana_wa_matengenezo

Wakubwa shikamooni. Je ikitokea mtu kaondoka na ufunguo, kufuli lake lipo, na mashine inahitajika? Kwetu huwa inaletwa mashine ya kukatia vyuma inakatwa tu, maana bosi anapiga simu kila saa.

ZamuYaUsiku

Marahaba mdogo wangu. Kukata kufuli inaweza kuwa lazima, ila sio wewe wala opereta wa kukata, ni msimamizi aliyepewa mamlaka hayo kwa maandishi. Na kabla ya kukata anahakikisha mambo kadhaa: kwamba mwenye kufuli kweli hayupo eneo la kazi, sio kwa kudhani, atafutwe, geti liulizwe, maana inawezekana amelala chini ya mashine hiyo hiyo anafunga bolti. Juhudi za kumpigia zifanyike. Mashine ikaguliwe nzima kama kuna kifuniko kimeachwa wazi au kifaa kimesahauliwa ndani. Halafu, na hili linasahaulika, yule mtu akirudi ajulishwe kwamba kufuli lake liliondolewa KABLA hajarudi kazini, kwa sababu yeye kichwani kwake mashine bado imefungwa, atafika moja kwa moja ataingiza mikono.

Kama makufuli yanakatwa kila mara basi tatizo liko kwenye makabidhiano, turudi pale nilipoandika juu.

Bomba_Bari_200

Niongeze la haidroliki fupi. Bomba linavuja tundu dogo kama la sindano, mafuta yanatoka kama ukungu, mtu anapapasa kwa mkono kutafuta linapotokea. USIPAPASE. Mafuta yanaweza kupenya ngozi hata kwenye presha kama ya bari 7, na mashine zetu zinafanya kazi bari 200 na kuendelea. Tumia kipande cha boksi au ubao mrefu, ukiwa umesimama pembeni. Na ikimtokea mtu, kidonda kinaonekana kidogo kama kachomwa na mwiba, hakitoki damu, hakiumi sana mwanzoni, yeye mwenyewe anataka kuendelea na kazi. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo na mwambie daktari wazi kabisa kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa presha na ni mafuta aina gani. Hiyo ni ya upasuaji wa haraka, ukichelewa mtu anapoteza kidole au mkono mzima.

KufuliLangu

Mkuu hii ingetakiwa ibandikwe juu ya kila pampu. Hasa hapo pa kumwambia daktari, maana asipoambiwa anaweza kusafisha kidonda juu juu na kumruhusu.

kijana_wa_matengenezo

Asanteni wakubwa. La mwisho kwangu, tumeambiwa tupime insulesheni ya mota zote kwa Mega (kile kipimo cha insulesheni) wiki ijayo, na mota nyingi ziko kwenye draivu. Kuna cha kuangalia? Na kuna jamaa wa kuchomelea watakuwa wanaziba nyufa kwenye fremu za mashine wakati huo huo.

Bodi_Safi

Kipo mdogo wangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla.

Mega inatoa volti 500 au 1000 za DC. Ukipima mota ikiwa bado imeungana na draivu unazipeleka hizo volti moja kwa moja kwenye transista za kutoa nguvu na kadi za nyuma yake. Kwa hiyo ukishafunga kufuli na kupima kwamba DC imeshuka, ondoa kebo ya mota kwenye draivu kabisa, weka alama U, V, W ili mota isije ikazunguka kinyume siku ya kurudisha, ndio upime kuelekea upande wa mota. Kama mota ina enkoda (sensa ya kusoma mzunguko) au sensa ya joto zifungue nazo. Ukimaliza kupima usishike waya hapo hapo, mota na kebo ndefu zinabaki na chaji ya Mega, Mega nzuri zinaimwaga zenyewe ukiachia kitufe lakini hakikisha kwa mita, halafu kila waya uupitishe kwenye ethi.

Kuhusu wachomeleaji waambie kibanio cha ethi cha mashine yao kikae karibu kabisa na pale wanapochomea, kwenye kipande kile kile cha chuma. Kikiwa mbali mkondo wa mamia ya ampia utajitafutia njia kupitia beringi za mota na waya za ethi za paneli. Kadi na PLC zitengwe umeme na plagi za mawasiliano zichomolewe, na wafunike paneli maana vumbi la kusagia chuma linapitisha umeme, likitua kwenye kadi utalipata tatizo lake muda mrefu baadaye. Wakimaliza usipulizie paneli kwa hewa ya kompresa, ina unyevu, inasukuma vumbi ndani zaidi na inatengeneza umeme tuli. Tumia mashine ya kunyonya vumbi ya aina ya kuzuia umeme tuli.

Na kabla hamjazima PLC kwa muda mrefu chukueni nakala ya programu. Za zamani zinatunza programu kwa betri, betri ikiwa imechoka ukikata umeme wa wikiendi nzima unakuta kumbukumbu tupu Jumatatu. Hiyo betri kwenye PLC nyingi za namna hiyo inabadilishwa umeme ukiwepo au ndani ya dakika chache baada ya kukata, soma kitabu cha mashine yenu kinasemaje. Kama kinasema umeme uwepo, basi hiyo ni kazi ya karibu na umeme hai, kwa hiyo kamba ya mkononi usivae, na masharti aliyoandika KufuliLangu kwa Mzee wa Paneli yote yanakuhusu.

kijana_wa_matengenezo

Nimeelewa dada. Kesho naomba kibali cha kufungua draivu moja moja badala ya zote kwa pamoja, na wachomeleaji waanze upande ambao sisi hatupo.

KufuliLangu

Sawa kabisa. Na kwenye hicho kibali andika namba ya kila swichi utakayofunga, sio "swichi kuu" tu, maana umesema mota ni nyingi na kila moja ina ya kwake. Ukikuta yoyote haina tundu la kufuli rudi hapa tuongee kabla hujafungua kitu.